Nyimbo Tatu Mdomoni

3 Machi

Binti yangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima na umekula, maana nimesikia watu wa maabara mnapima kila kitu isipokuwa saa ya chakula. Mimi sijambo. Mguu unanisumbua asubuhi tu, ukishapata joto unasahau. Mjomba wako naye hajambo. Pumu imemwachia tangu mwezi uliopita, kwa hiyo amerudi kuwa msumbufu kama tulivyomzoea.

Ndani ya kitambaa hiki kuna kitana, yaani ule mti wa katikati wenye vijumba vya pumzi, cha kinanda chake cha mdomo, kile alichonunuliwa na marehemu mama yako kwa mshahara wake wa kwanza. Mabamba ya shaba na vilimi vyake nimebaki navyo hapa. Tazama meno ya kitana: mti umekunywa mate ya miaka mingi, umevimba, na meno yamechomoza mbele kama ya sungura. Wiki iliyopita yalimchana mdomo. Alikuja karakana na leso yenye damu, akaniambia, "Shemeji, kinanda chako kimeanza kuniuma kama mke niliyemkosea."

Sasa sikia. Watu wa redio wamemwita. Tarehe 29 mwezi huu watamrekodi nyimbo mbili, yeye peke yake na kinanda chake. Amengoja jambo hili tangu ujana wake, na safari hii si ndoto, barua yao nimeisoma kwa macho yangu.

Nataka mti huu uzibwe usinywe mate tena. Nta niliijaribu mwenyewe juu ya vipande vya majaribio, ikaungua mara mbili. Mikono yangu siku hizi haina utulivu. Wewe una mikono ya mama yako, na juu yake una digrii. Naomba ukizibe wewe.

Ni mimi,
Baba yako

*

8 Machi

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima napokea salamu zako, na ninakujulisha kwamba afya yangu ni njema na kazi inaendelea vizuri. Nimebakiza miezi miwili ya kipindi cha majaribio hapa kiwanda cha rangi. Mkuu wa maabara, ambaye sote tunamwita Bi Mizani kwa sababu hasemi neno kabla hajalipima, alisoma ripoti yangu ya pili akatamka: "Inasomeka." Wenzangu wanasema hajawahi kumsifu mtu kwa kiasi hicho.

Kitana kimefika salama. Nimekikausha siku mbili kati ya vioo viwili vizito ili kisipinde, nikayapunguza meno kwa kisu chembamba, kisha nikazisugua pande zote mbili juu ya msasa uliolazwa kwenye kioo, mpaka nikiweka rula hakuna mwanga unaopita chini yake.

Kuhusu kuziba, niruhusu nitoe maoni ya kitaalamu. Nta ni njia nzuri ya kale, lakini huyeyuka mfukoni wakati wa joto na huhitaji kurudiwa kila mwaka. Hapa maabara tunajaribu vanishi mpya ya sehemu mbili, yaani vanishi yenyewe na kigumishi chake, ambayo huingia kwenye vinyweleo vya mti na kuvifunga moja kwa moja. Kwa tabaka tatu tu, kitana cha Mjomba hakitavimba tena maishani mwake. Nadhani si haba kwa binti wa fundi.

Jambo moja limenishangaza. Wewe, Baba, uliyekuwa ukikaa uani na kunipigia kelele kwamba nta ya jikoni imebakiza dakika moja iungue, umeiunguzaje mara mbili?

Ni mimi mtiifu wako,
Binti yako

*

12 Machi

Daktari wa Rangi,

Marahaba, na hongera kwa kusomeka. Huku ni wazima. Mjomba wako ananyoa ndevu kila siku kana kwamba redio itamwonyesha sura.

Vanishi, hapana. Simjui baba wala mama wa hiyo vanishi yako. Chukua nta safi ya nyuki na mafuta meupe ya duka la dawa, yale wanayopewa hata wagonjwa kunywa. Weka kwenye kikombe, kikombe kwenye maji ya moto, moto usiguse nta. Kitana kioge humo, kisha upitishe uzi mnene katika kila kijumba usiache tone, na zile pande bapa uzikwangue ziwe tupu kabisa, maana nta ikibaki pale mabamba hayatakaa sawa na pumzi itavuja. Mwambie mwenye kinanda akipuliza akikung'ute, akiache wazi kikauke, asikitie mfukoni kikiwa na mate, wala asikiloweke majini kama wanavyofanya wapenda sauti kubwa. Mwaka ukiisha anarudi, anapakwa tena. Kurudi kwake si hasara. Ndivyo ninavyojua kama bado yu hai.

Na usisahau nyimbo tatu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukinihesabia kwa vidole. Sijawahi kumrudishia mtu kinanda kabla sijakishika kitana chake mdomoni mwangu kwa muda wa nyimbo tatu. Nikihisi uchungu, ukakasi au harufu, kinarudi mezani. Hiki nacho nitakionja kikifika.

Nta iliungua kwa sababu ya mikono, nilikwishakuambia.

Baba yako

*

19 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu umepata nafuu na Mjomba amebakiza ngozi usoni. Mimi ni mzima kabisa.

Kazi imekamilika, nami nakituma kitana nikiwa na furaha isiyo na kifani. Kila hatua nimeizingatia. Nta uliyoitaka imo, utaiona kwa macho na kuihisi kwa kidole. Pande bapa nimezipima kwa kifaa cha maabara na tofauti yake ni ndogo kuliko unywele. Nimekitumbukiza majini saa ishirini na nne, nikakipima uzito kabla na baada: hakikunywa hata tone. Sidhani kama karakana yetu imewahi kutoa kitana kilichozibwa namna hii, na ninasema hivyo kwa unyenyekevu.

Tafadhali mfikishie Mjomba heri zangu kwa siku yake kuu.

Mtiifu wako,
Binti yako

*

24 Machi

Mwanangu,

Sisi wazima. Kitana kimefika jana.

Nimekikagua kwa miwani na bila miwani. Nimekishika mdomoni nyimbo tatu, nikaongeza na ya nne kwa ajili ya kufurahi. Hakina ladha, hakina harufu hata kidogo, safi kama maji. Nimekifunga mabamba, nikapuliza tundu moja moja: hakuna pumzi inayovuja, sauti imenyooka. Nilimwita Mjomba wako akisikie tu kwa mbali, nikamwambia hakiguswi mpaka siku ya safari nisije nikaletewa kingine cha kutengeneza. Ataondoka nacho asubuhi ya tarehe 28 kwa basi la kwanza.

Sijui kama niliwahi kukuambia jambo hili, na kama niliwahi basi lichukue mara ya pili: umenizidi. Miaka thelathini naziba vitana, sijawahi kuziba kimoja kikatulia hivi. Mama yako angekuwepo angenicheka.

Baba yako

*

SIMU YA MAANDISHI, 27 MACHI

BABA MJOMBA ASIPULIZE KINANDA. SI NTA. NIMEKUDANGANYA. BARUA INAKUJA.

*

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Sina uso wa kuuliza habari za afya yako, lakini nauliza, tena leo nauliza kwa hofu.

Barua yako ya sifa imefika asubuhi hii. Niliisoma mara tatu nikiwa nimesimama. Kisha, kwa majivuno, nikafungua droo ya meza yangu kutazama kipande cha mti nilichokipaka siku ile ile niliyokipaka kitana, sawasawa, tabaka kwa tabaka. Droo ilikuwa haijafunguliwa tangu siku hiyo. Harufu iliyotoka ilinirudisha nyuma hatua moja. Nikabonyeza kwa ukucha, na ukucha ukaacha alama. Siku kumi, na bado ni laini ndani.

Ukweli ni huu. Nilitumia vanishi. Nilipaka tabaka tatu, nikazisugua kwa msasa laini zising'ae, kisha nikapaka nta juu yake ili ukiitazama uone ulichotaka kukiona. Nilipoandika kwamba nta imo, nilichagua maneno kwa uangalifu ili yasiwe uongo. Yalikuwa uongo. Nilitaka mwakani umshangae Mjomba harudi kupakwa tena, halafu nikuambie kwa nini.

Nilikwenda kwa Bi Mizani. Sikuwa na ruhusa ya kuitoa kabatini sampuli ile ya vanishi, na njia pekee ya kujua ndani yake mna nini ilikuwa kumwambia nimeitoa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Ungenyamaza, ningejua?"

Nikasema, "Hapana, mama."

"Basi umesemea nini?"

"Kuna mtu atakipuliza keshokutwa. Ana pumu."

Sijawahi kumwona akiinuka haraka namna ile. Alifungua faili akanisomea kwa sauti: kigumishi chake kinahitaji siku thelathini kukauka kabisa, na zaidi kikifunikwa, mvuke wake hubana kifua, na kwa mwenye pumu ni hatari ya kweli. Mimi nilikifunika kwa nta, Baba, na wewe ukakifunika kwa shaba. Kila Mjomba akivuta pumzi anavuta kutoka ndani ya vijumba vile. Nimetuma simu ya maandishi. Simu ya duka la jirani nimeipiga mara sita, inaita tu.

Kuna jambo la pili, na sijui niliandikeje. Harufu ile ilinirudisha nyuma hatua moja. Wewe ulikishika mdomoni nyimbo nne ukasema ni safi kama maji. Na nta iliungua mbele yako mara mbili. Baba, tangu lini?

Nijibu kwa neno moja tu kuhusu Mjomba. Hayo mengine yasubiri.

Binti yako

*

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Siku sita bila neno. Redio niliisikiliza tarehe 29 na 30 na 31, nikijua kabisa kwamba wanachokirekodi hawakitangazi siku ile ile. Kila kinanda nilichosikia nilisimama.

Nimeambiwa nikae nyumbani. Kamati ya kiwanda itaniita wiki ijayo. Hilo si kitu. Kila posta inapofunguliwa mimi niko mlangoni, hata karani ananiambia, "Dada, ukipewa barua leo mimi nitafunga ofisi tusherehekee."

Kama umenikasirikia, niandikie umenikasirikia. Kama ni jambo jingine, niandikie hilo. Karatasi tupu nayo itanitosha, ilimradi bahasha ina mwandiko wako.

Binti yako

*

6 Aprili

Mwanangu,

Yu hai. Nimeanza na hilo ili uweze kukaa kitako na kusoma yaliyobaki.

Simu yako ya maandishi ilifika saa sita mchana tarehe 28. Basi la kwanza lilikwishaondoka na Mjomba wako, amevaa suti. Nilifunga karakana na kitu kikiwa bado kimebanwa kwenye jiliwa, nikapanda basi la mchana, likaharibika njiani, nikafika kesho yake saa nne. Kwenye lango la redio mlinzi akaniuliza, "Mzee, una kibali?" Nikamwambia sina kibali, nina shemeji. Akacheka, lakini hakufungua. Nikamwonyesha karatasi yako. Alipoisoma akanipeleka mwenyewe mbiombio kupitia ujia mrefu.

Taa nyekundu ilikuwa inawaka juu ya mlango. Nilimwona kupitia kioo. Alikuwa kwenye wimbo wa pili, macho amefumba. Nikagonga kioo kwa kiganja, sauti haipiti. Akafumbua macho, akashusha kinanda, akatazama upande wangu. Nilidhani ananiona mimi. Hakuniona. Alikuwa anatafuta pumzi.

Usiku uliotangulia alikuwa amefanya mazoezi kwenye nyumba ya wageni, madirisha amefunga asiwasumbue majirani. Alidhani kifua kinabana kwa woga wa redio.

Amelala hospitali siku saba. Siku mbili za mwanzo walimwekea hewa, na mimi nilikaa kwenye benchi la ujiani. Kalamu nilikuwa nayo, binti yangu. Nisingeweza kuandika neno ambalo kesho yake lingekuwa si kweli. Jana tumerudi nyumbani. Anatembea kutoka kitandani hadi dirishani, na amekwisha kulalamikia uji wangu, kwa hiyo daktari anasema anaendelea vizuri.

Watu wa redio wamesema wimbo wa kwanza umekamilika na wataucheza. Wa pili utangoja.

Sasa swali lako. Tangu homa ile ya mwaka juzi. Nilipoamka, sabuni, chai, mafuta ya taa, vyote vimekuwa kitu kimoja. Nilidhani pua itarudi. Nikaendelea kushika vitana vya watu mdomoni nyimbo tatu, mbele yao, nikitikisa kichwa kama mjuzi, na watu wakaondoka na imani. Mwaka na miezi mitano nimefanya mchezo huo. Wewe umedanganya kwa kitana kimoja, vyangu mimi havihesabiki. Kukutumia wewe kitana hiki ilikuwa njia yangu ya kutafuta pua ya kuazima bila kusema ninaazima. Ningesema, ungekionja mwenyewe kabla ya kukituma. Hilo ninalala nalo.

Nilimweleza Mjomba wako yote, yako na yangu.

"Kumbe ni yule mtoto," akasema.

"Ndiye. Msomi wetu."

"Na wewe fundi usiyenusa."

"Na mimi."

Akacheka mpaka akakohoa, nikamshika mgongo. Kisha akasema, "Kitana kipya achonge baba, azibe binti. Nikienda kwa mtu mwingine, nitapata fundi asiyejua kukosea kunafananaje. Hao wawili sasa wanaogopa."

Kile cha vanishi nimekizika. Kipya nimekichonga jana na leo, vijumba kumi, kimo ndani ya kitambaa. Nilitafuta mti mkavu usiopinda nikaupata humu humu ndani: droo ya cherehani ya mama yako. Niliona hakuna mti unaomfaa ndugu yake zaidi ya huo. Redio imempa nafasi nyingine mwisho wa mwezi, wakati huo kifua kitakuwa kimeruhusiwa. Kikifika mapema atakuwa na wiki ya kukizoea.

Zamu hii nyimbo tatu ni zako.

Baba yako

*

16 Aprili

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine umpelekee Mjomba pale dirishani. Nilisoma maneno mawili ya mwanzo ya barua yako kisha nikakaa chini kwenye sakafu ya posta. Karani hakufunga ofisi, lakini aliniletea maji.

Kamati imenisikiliza. Kipindi changu cha majaribio kimerefushwa miezi sita na funguo za kabati la sampuli nimenyang'anywa. Bi Mizani aliniambia tukitoka, "Ripoti yako ya pili ilisomeka. Hii ya mdomo niliiamini." Sampuli ile imebandikwa karatasi nyekundu yenye maneno niliyoyaandika kwa mkono wangu: isitumike kwa kitu chochote cha kinywani.

Kitana ni kizuri kiasi kwamba nilikiweka juu ya meza siku nzima kabla ya kukigusa. Mikono yako haitetemeki, Baba. Haikuwahi kutetemeka.

Nimekizamisha katika nta safi na mafuta meupe, kikombe ndani ya maji ya moto, nami nikainama juu yake nikinusa muda wote kama ulivyokuwa ukinusa wewe. Nimepitisha uzi katika kila kijumba. Pande bapa nimezikwangua mpaka mti ukaonekana. Nikakiacha siku tatu dirishani. Kisha nikanawa kinywa, nikakaa kwenye kiti, nikakishika mdomoni.

Wimbo wa kwanza nilihisi nta tu. Wa pili ulikuja mti, mkavu na mtamu kidogo. Katikati ya wa tatu, mate yalipokwisha kupata joto, kikaja kitu kingine kutoka ndani kabisa, chembamba, na nilikijua kabla sijakitaja. Ni mafuta ya cherehani. Mama alikuwa akiweka kile kichupa chenye mdomo mrefu katika droo hiyo, kila siku kimevuja kidogo, na vidole vyake vilikuwa na harufu hiyo akinifunga vifungo vya sare ya shule. Nilikaa na kitana mdomoni wimbo wa nne na wa tano, Baba. Nakiri sikuwa naonja tena.

Wewe usingeweza kuyasikia, na kwa macho hayaonekani. Huenda ni machache mno kumdhuru mtu. Huenda nta imeyafungia ndani na Mjomba asingejua kamwe. Nilijiambia maneno hayo yote kwa mpangilio mzuri, moja baada ya jingine, na nikayatambua: ni yale yale niliyojiambia juu ya vanishi.

Kwa hiyo kitana hiki sikitumi. Kiko juu ya meza yangu, kitabaki hapa. Mwambie Mjomba hatakuwa na wiki ya mazoezi, na mti usipopatikana kwa wakati hatakuwa na redio mwezi huu. Akikasirika, anikasirikie mimi. Kifua cha kukasirikia anacho sasa. Nimepewa ruhusa ya siku nne. Ninakuja Ijumaa na msasa na kioo. Tafuta ubao ambao haujawahi kukaa karibu na kitu chochote tunachokipenda. Wewe chonga, mimi nitaonja hapo hapo mezani mbele yake, na yeye mwenyewe ahesabu nyimbo.

Mpaka hapo, mwambie jibu la karakana ni: bado.

Binti yako